Maswali na majibu: Mgahawa mdogo unahitaji aina ngapi za glasi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina mgahawa mdogo Tanga, karibu na bahari, viti 24. Nauza chai ya rangi na ya maziwa, kahawa, juisi ya ukwaju, embe na parachichi, soda, bia, na mvinyo kidogo kwa wageni. Muuza vyombo ananishauri ninunue aina 8 za glasi. Nilizo nazo sasa ni za aina moja tu, zile nene za bei rahisi. Zinapasuka nikimimina chai, bia haishiki povu, na zina ukungu mweupe hata zikioshwa. Je, kweli nahitaji aina zote hizo? Na glasi nzuri nitaijuaje?

Jibu: Marahaba, dada. Aina 8 ni za hoteli yenye kaunta ndefu na kijana aliyeajiriwa kung'arisha glasi tu. Wewe 4 zinakutosha, pamoja na vikombe. Ila usikimbilie dukani bado. Katika malalamiko yako matatu, mawili yameanzia kwenye sinki, na ukinunua glasi mpya ukaziosha vilevile, baada ya mwezi utaniandikia tena.

Huo ukungu mweupe, kwa kawaida, ni chokaa. Sehemu kubwa ya pwani yetu imekaa juu ya matumbawe na mawe ya chokaa (mapango ya Amboni hapo kwenu yamechongwa na maji katika mawe ya namna hiyo), na maji ya kisima yanapita humo yakibeba madini. Tone likikaukia kwenye glasi, maji yanaondoka na chokaa inabaki. Sabuni haiiwezi. Siki inaiweza: changanya siki na maji ya uvuguvugu nusu kwa nusu, loweka glasi robo saa, sugua kidogo, suuza. Ukungu ukitoka, tatizo lilikuwa maji. Usipotoka, kioo chenyewe kimeshalika kwa juu na hakuna dawa.

Sasa povu. Povu la bia linashikiliwa na protini za shayiri pamoja na ule uchungu wa hopsi (maua yanayotiwa kwenye bia), na adui yake mkubwa ni mafuta. Wewe una glasi za aina moja. Ile iliyobeba juisi ya parachichi saa saba mchana ndiyo inayobeba bia jioni, na kati ya hapo imeoshwa kwa sponji ileile iliyopita kwenye sahani ya samaki wa kukaanga. Utando wa mafuta unaobaki huuoni kwa macho, lakini bia inauona. Unaweza kuupima: lowesha glasi kwa maji safi, mwaga maji, kisha nyunyiza chumvi ya mezani ndani. Palipo safi chumvi inanata sawasawa; penye mafuta inateleza na kuacha upara. Nimefanya jaribio hili mbele ya wahudumu mara nyingi, na hakuna hotuba iliyowahi kuwabadilisha upesi kama ule upara.

Kuna dalili nyingine utaiona mezani. Bia ikimiminwa, viputo vikang'ang'ania ubavuni mwa glasi kama vimegandishwa, hapo pana uchafu au nyuzi za kitambaa. Gerard Liger-Belair, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Reims huko Ufaransa, ametumia miaka mingi kuchunguza viputo vya shampeni, naye ameonyesha kwamba vingi huzaliwa kwenye nyuzi ndogo sana zilizonata kwenye kioo, zenye hewa ndani yake. Kwenye shampeni nyuzi kidogo ni baraka. Kwenye bia yako maana yake ni kwamba gesi inakimbia kabla mteja hajaonja. Kwa hiyo usifute glasi kwa khanga kuukuu. Osha kwa sponji yake peke yake, suuza kwa maji yanayotiririka, zipindue juu ya waya au kichanja chenye matundu, hewa ipite chini yake, zijikaushe. Ukizipindua juu ya kitambaa, joto na unyevu vinabaki ndani na glasi inanuka kitambaa.

Hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na vitabu vya hoteli. Vitabu vinakwambia umbo la glasi ni kwa ajili ya ladha. Kwenye mgahawa wa ukubwa wako, kazi ya kwanza ya umbo ni kumwambia anayeosha na anayehudumia kwamba hiki kimebeba nini. Glasi ya bia ikiwa na umbo lake, haitachanganywa na ya parachichi hata saa mbili usiku watu wamejaa. Na kuna jambo muuza vyombo hakulitaja: Tanga wateja wako wengi ni Waislamu, na mtu anayeagiza juisi ya ukwaju hataki kujiuliza kama glasi yake jana ilikuwa na bia. Maumbo yakitofautiana, analiona hilo mwenyewe akiwa kitini, bila kuuliza. Tenga pia beseni na sponji.

Tuje kwenye chai, lalamiko la tatu, ambalo kweli ni la glasi yenyewe. Watu wengi wanadhani glasi nene ndiyo imara kwa moto. Ni kinyume. Ukimimina chai, upande wa ndani unapata moto na kutanuka papo hapo, wa nje bado baridi. Kioo kikiwa kinene, moto unachelewa kufika nje, pande mbili zinavutana, glasi inapasuka, mara nyingi kwenye kitako maana ndipo unene ulipo. Kijiko ambacho bibi zetu walikiweka ndani kabla ya kumimina kinasaidia kweli, kwa sababu chuma kinanyonya sehemu ya moto, lakini huwezi kuendesha biashara kwa kutegemea kijiko.

Dawa ziko mbili. Moja ni kioo cha borosilikati, kile cha vyombo vya maabara, ambacho kikipata moto hutanuka karibu theluthi tu ya kioo cha kawaida. Ni chepesi na kizuri kwa macho, ila bei yake iko juu na kikianguka kinavunjika kama kingine chochote. Ya pili, ambayo ndiyo ninayokushauri, ni kioo cha tempa: kioo cha kawaida kilichopashwa hadi zaidi ya nyuzi joto 600 kisha kikapozwa ghafla kwa upepo, ngozi yake ya nje ikabaki imejibana. Kinavumilia chai na kinavumilia kuangushwa, na siku kikivunjika kinatoka vipande vidogo kama kokoto badala ya visu. Glasi za Duralex za Ufaransa ndizo zilizoutangaza ufundi huu mezani. Ile ya Picardie, yenye pande pande na mdomo uliopanuka, imetengenezwa tangu 1954. Kitakoni zina namba ya kalibu, na watoto wa shule wa Kifaransa huigeuza glasi kantini na kusema namba hiyo ndiyo umri wao. Zinazofanana nazo zimejaa madukani, na nyingi zimeiga sura tu. Usinunue dazeni kabla ya kununua moja. Ipeleke nyumbani, iweke ndani ya bakuli sakafuni, mimina maji yanayochemka, simama mbali. Rudia mara tatu ikiwa imepoa kabisa kila mara. Ikipita, rudi ukanunue.

Kwa chai ya rangi chukua glasi ya tempa yenye ujazo wa ml 200 hivi. Mteja anapenda kuiona rangi. Chai ya maziwa itie kwenye kikombe cha kauri chenye mkono, kinatunza joto vizuri zaidi na utando wa maziwa unaonekana haraka wakati wa kuosha. Kahawa usiibadilishe. Kile kikombe kidogo cha barazani kisicho na mkono kina akili kubwa: kinapokea kiasi kinachonyweka kabla hakijapoa, na birika likiwa juu ya makaa, kila nyongeza inakuja moto. Kahawa hiyohiyo kwenye kikombe kikubwa, nusu yake italala ikiwa baridi pembeni ya kashata.

Juisi, soda na maji vitumie glasi moja: ndefu, iliyonyooka, ya ml 350. Hapa kuna mtego wa hesabu. Ujazo unaoandikwa kwenye boksi ni mpaka ukingoni, na hakuna anayehudumia mpaka ukingoni. Weka glasi kwenye mizani ya jikoni, irudishe mizani kwenye sifuri, tia maji mpaka pale unapojaza kawaida. Gramu moja ni mililita moja, kwa hiyo mizani itakwambia kweli unauza nini. Lita moja ya juisi ukiitoa ml 250 unapata glasi 4. Ukitoa ml 350 hupati hata 3. Wahudumu wasio na kipimo wanakula faida yako bila kujua. Halafu jicho la mtu hupima urefu kuliko upana, hivyo glasi ndefu nyembamba yenye ml 250 na barafu kidogo mteja anaiona imejaa, na ileile ml 250 kwenye glasi pana anaona umempunja. Juisi ya parachichi ni nzito na haihitaji barafu, mpe kijiko na mrija mnene.

Kwa soda, mpelekee chupa na glasi yenye barafu, ajimiminie.

Bia vilevile, maana wengi kwetu wanapenda kuifungua mbele ya macho yao na wengine hawataki glasi kabisa, usiwalazimishe. Kwa anayetaka, glasi iliyobanwa kidogo chini na kupanuka juu, ya ml 400 hivi, inatosha: chupa ya ml 500 inaingia kwa awamu mbili na povu lina nafasi. Usizigandishe kwenye friza. Glasi yenye theluji inapendeza pichani, lakini theluji inayeyuka ndani ya bia na povu linaruka ovyo. Zisuuze kwa maji baridi kabla ya kumimina.

Mvinyo, moja tu. Watakwambia mwekundu una yake na mweupe una yake. Kampuni ya Riedel ya Austria ilileta mtindo huo sokoni kwa nguvu mwaka 1973, na sipingi kwamba mtu mwenye pua iliyozoea anaweza kuona tofauti. Lakini waonjaji wenyewe wana glasi ya kipimo cha kimataifa, ISO 3591 ya mwaka 1977, ya ml 215 hivi, na humo wanaonja mwekundu na mweupe bila kubagua. Umbo lake ni kama yai lililokatwa juu: pana tumboni, limebanwa mdomoni, lina mguu. Mwaka 2015 watafiti wa Tokyo waliupiga picha mvuke wa kileo ukitoka kwenye glasi ya namna hiyo. Mvinyo ukiwa na nyuzi joto 13, mvuke ulijikusanya kwenye ukingo kama pete, katikati ukawa mchache, pua ikapata nafasi ya kunusa mvinyo wenyewe. Mvinyo ulipokuwa wa joto zaidi, pete haikuonekana. Kwa Tanga, basi, pesa ya glasi ya pili itie kwenye friji. Nunua umbo hilo la ml 300, mimina ml 125 tu, na wafundishe wahudumu kushika mguu, si tumbo. Siku ukianza kuuza pombe kali, ongeza glasi fupi yenye kitako kizito, si kabla.

Idadi: za juisi 48, kwa sababu kuna zilizo mezani, zilizo kwenye sinki na zinazokauka; za chai 36; za bia 24; za mvinyo 12. Chagua mtindo ambao duka linauza kila mwaka. Glasi zitavunjika, na kuchanganya mitindo mitatu kwenye meza moja kunaonekana haraka kuliko unavyodhani.

Jambo la mwisho, na hili ni amri. Mtu asichote barafu kwa glasi. Nilipokuwa kijana wa kaunta kwenye hoteli moja Unguja, mwenzangu alifanya hivyo, ukingo ukameguka ndani ya sanduku la barafu, akaendelea kuhudumia. Kioo ndani ya barafu hakionekani. Kikivunjika karibu tu na barafu, mwaga maji ya moto sanduku zima, osha, anza upya, hata kama wateja wanasubiri. Nunua koleo la plastiki.

Hizo nene ulizo nazo, zenye pengo tupa leo. Zilizobaki zisimamishe kaunta, uzitilie mirija na vijiko.