Si kiburi, dada, maneno ndiyo yanamkwama

Mleta mada, umeeleza binti yako wa miaka 14 alichelewa kuongea, siku hizi anajifungia chumbani, akiulizwa kitu anafoka, na ndugu wote wanasema ana kiburi. Pole. Nimepita humo na mwanangu wa kiume.

Wangu alianza kueleweka akiwa na miaka minne. Bibi yake akasema ana udata, ukakatwa, wapi! Masikio yakapimwa, mazima. Shule ya msingi mpira ulimsitiri. Kidato cha kwanza, masomo yalipogeuka Kiingereza, ndipo moto ulipowaka.

Siku moja kioo cha darasa kilivunjwa naye akiwa karibu. Mwalimu wa nidhamu akamwambia, "Eleza." Akaanza, "Ile... yule alikuwa... kile kitu..." akainama, kimya. Akachapwa kwa jeuri. Aliyevunja alijua kujieleza, akarudi darasani. Mtoto kufika nyumbani akapiga teke ndoo ya maji niliyotoka kuichota, nami nikamwongezea makofi. Linaniuma hadi leo.

Baadaye mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha akatufungua macho: ni tatizo la ukuaji wa lugha, yaani kuelewa maneno na kujieleza kunamwia mtoto vigumu. Uingereza walikuta watoto kama asilimia 7 wanalo, yaani wawili katika darasa la watoto 30. Na vijana hawa hupata wasiwasi na sonona kuliko wenzao. Sishangai. Utani wa vijana unakwenda mbio. Wangu akija kuuelewa, wenzake wameshacheka na kuhama, yeye anadhani anachekwa yeye. (Hao wanaokuambia lugha mbili zimemchanganya, wapuuze. Hazilileti tatizo hili.)

Mimi niliacha kumweka kiti moto. Tunaongea tukichambua mchele, kila mtu macho kwenye ungo. Nampa maneno achague: "Umekasirika, au umeona aibu?" Halafu nanyamaza kwelikweli, nahesabu moyoni mpaka kumi. Mara ya kwanza hakuchagua lolote. Alitoa mchanga kwenye ungo, akasema, "Nimechoka kuchekwa."

Ila binti akigusia kujidhuru, usingoje mchele, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Wangu sasa ana miaka 17, yuko gereji anajifunza pikipiki. Hasira bado zipo, zimepungua. Ile ndoo ilipata ufa, tunawekea mkaa.