Much au many? Tazama nomino kwanza

Ndugu, umeuliza kwa nini mwalimu alikukata alama kwa kuandika "many informations" kwa Kiingereza ilhali sisi husema taarifa nyingi. Kosa linatoka kwenye -ingi yetu: watu wengi, maji mengi, haibagui. Kiingereza hubagua. Kinachohesabika huchukua "many" na "few"; kisichohesabika, "much" na "little".

Ugumu ni kwamba huwezi kukisia kwa kutumia Kiswahili. "Information", "advice", "furniture", hata "news" yenye s mwishoni, zote hazihesabiki. Zikariri hizo mapema, ndizo zinazoangusha wengi. Ukikwama, "a lot of" inakubali pande zote mbili.

Na usidharau kile ka-"a" kadogo: "a few friends" ni marafiki kadhaa, wapo, "few friends" ni wachache mno, karibu hakuna.