Kabla Hujaingia Katika Kazi ya Kukuza Biashara ya Miradi Mikubwa ya Umeme

Vijana wengi wanaoniomba ushauri kuhusu kazi ya kukuza biashara katika kampuni za umeme huanza kwa kunieleza kwamba wao ni hodari wa kuzungumza na watu. Sikatai kwamba ulimi mzuri husaidia, lakini katika miradi ya ukubwa huu mnunuzi karibu kila mara ni mmoja, naye ni Kenya Power, kampuni inayosambaza umeme nchini Kenya, kwa hiyo hakuna soko la kuzunguka ukibisha hodi. Kinachouzwa ni mkataba wa miaka ishirini au zaidi, na kazi yako, kwa miaka mingi kabla ya msingi wowote kuchimbwa, ni kuhakikisha kwamba kila hasara inayoweza kutokea imekwisha kupata mtu wa kuibeba. Asiyelielewa jambo hilo mapema huishia kuwa mwandalizi wa mikutano ya hotelini.

Utazame mradi wa upepo wa Ziwa Turkana. Mitambo yake 365, yenye uwezo wa megawati 310, ilikuwa imesimama Loiyangalani mwaka 2017, lakini umeme wake haukuingia kwenye gridi ya taifa hadi Septemba 2018, kwa sababu njia ya nyaya ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, ambayo ilikuwa jukumu la serikali, ilichelewa na mwanakandarasi wake kutoka Uhispania akafilisika. Mkataba ulikuwa umeeleza bayana kwamba mwenye mitambo hataumia kwa kuchelewa kwa njia isiyo yake, na hivyo gharama ya mabilioni ya shilingi ikawaangukia wananchi. Watu walikasirika, na walikuwa na haki. Hata hivyo, ukiketi upande wa wakopeshaji utaona kwamba bila kifungu kama hicho ni vigumu benki yoyote kutoa pesa za mitambo inayotegemea nyaya za mtu mwingine. Benki ya Dunia kwa upande wake ilikuwa imejiondoa mwaka 2012, ikihofia kwamba Kenya Power ingelazimika kulipia umeme isioweza kuutumia.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba uusome mkataba wa ununuzi wa umeme wewe mwenyewe, pamoja na viambatisho vyake, badala ya kumwachia wakili. Mkubwa wangu wa kwanza kazini alinikabidhi nakala moja nene na kalamu tatu za rangi, ya mnunuzi, ya mwekezaji na ya serikali, akaniagiza nipige mstari chini ya kila kifungu kwa rangi ya yule atakayepoteza pesa mambo yakienda kombo. Nilipomaliza, vifungu viwili havikuwa na rangi yoyote, vyote vikihusu gridi inapozimika na chanzo hakijulikani. Hivyo ndivyo vilivyokuja kutuweka mezani na mawakili wa pande zote kwa miezi. Sijaona mafunzo ya darasani yaliyonifaa kuliko zoezi hilo.

Ukiwa umesomea uinjinia, jifunze hesabu za mradi hadi uweze kueleza bei ya umeme itapanda kwa kiasi gani riba ikiongezeka au ujenzi ukichelewa mwaka mmoja. Ukiwa mwanasheria au mhasibu, nenda ukasimame karibu na mtambo na kituo cha umeme ili ujue unachokiandikia. Urasimu utauzoea. NEMA, yaani mamlaka ya mazingira, iko Popo Road, South C; EPRA, mdhibiti wa nishati, iko Upper Hill; Kenya Power iko Stima Plaza, na asubuhi ya mvua usijidanganye kwamba utazifikia zote tatu kabla ya chakula cha mchana.

Sehemu ngumu zaidi haiko Nairobi. Katika baraza moja Kajiado, baada ya injinia wetu kueleza kwa ufasaha kasi ya upepo, mama mmoja mzee alisimama akauliza, “Nguzo yenu ikimwangukia ng’ombe wangu usiku, nimpigie nani simu, na mtu huyo atakuwa bado yuko miaka kumi ijayo?” Chifu alicheka, injinia akanitazama mimi. Baadaye, wakili wa wakopeshaji alituuliza jambo lilo hilo kwa kurasa nne za maandishi, na majibu tuliyoyaandaa kwa ajili ya yule mama ndiyo tuliyompa.

Anayeona mabaraza kuwa mapambo ya kupata muhuri na atazame yaliyotokea. Mradi wa upepo wa Kinangop, wa takriban megawati 60, ulifutwa mwaka 2016 baada ya upinzani wa wenyeji. Leseni ya mazingira ya mradi wa makaa ya mawe wa Lamu ilibatilishwa na mahakama maalumu ya mazingira mwaka 2019, kasoro za kuwashirikisha wananchi zikiwa miongoni mwa sababu. Na mwaka 2021 mahakama iliyoketi Meru iliamua kwamba hatimiliki za ardhi ya mradi wa Turkana zilipatikana bila kufuata sheria, ilhali mitambo ilikuwa tayari inazalisha. Kule Kipeto, Kajiado, wakfu wa jamii ulipewa hisa za asilimia 5 katika mradi wa megawati 100. Sisemi hisa hutibu kila kitu, ila humpa mwenyeji sababu ya kuuliza kuhusu faida na si kuhusu fidia peke yake.

Kuhusu mabroka watakaokuahidi barua ya wizara kwa wiki moja, kataa na uendelee na kazi. Barua ya njia ya mkato haimridhishi mkopeshaji makini, ambaye atataka kujua ilivyopatikana.

Jambo la mwisho ni malipo, na vijana huliuliza kwa aibu isiyo na sababu. Serikali iliwahi kusitisha mikataba mipya ya kununua umeme, na mwaka 2021 kikosi kazi cha rais kiliichunguza iliyokuwepo. Katika kipindi kama hicho mradi mzuri unaweza kulala kabatini kwa miaka, na wenzangu kadhaa walihamia umeme wa jua wa viwandani wakiwa na ahadi za bonasi ambazo zingelipwa siku ya kukamilika kwa mikopo, yaani wakopeshaji wanapokubali rasmi kutoa pesa, siku ambayo haikufika. Kabla ya kutia saini, omba bonasi igawanywe kwa hatua, yaani ardhi ikipatikana, leseni ikitolewa, mkataba wa umeme ukitiwa saini na mikopo ikikamilika, na iandikwe kwamba hatua uliyoifikisha utalipwa hata ukiwa umeondoka. Mwajiri akikataa kabisa, dai mshahara wa juu zaidi.