Mwalimu alikuwa nyuma na stiki yake, mbona glaida ikabamiza chini?

SWALI: Habari mwalimu. Mdogo wangu yuko Ujerumani anajifunza kurusha glaida, zile ndege zisizo na injini. Jumapili walikuwa wanatua na mwalimu wake kwenye ASK 21, glaida ya viti viwili, mwanafunzi mbele mwalimu nyuma, upepo mkali kidogo, mita za mwisho ndege ikadondoka kama gunia kabla hata ya kufika ranwei. Walitoka wanatembea ila mgongo unamuuma mpaka leo. Mwalimu si ana stiki yake, ile fimbo ya kuongozea ndege? Kwa nini hakuiokoa?

JIBU: Poleni sana ndugu yangu. Kabla ya mambo ya ndege, huo mgongo aende akapigwe picha leo hii, sio kesho. Kwenye glaida unakaa chini sana, karibu umelala, ndege ikibamiza pingili za uti wa mgongo ndo zinapokea mshindo, na mtu anaweza akawa na pingili imebonyea na bado akatembea mwenyewe mpaka kwenye gari.

Haya, tuje kwenye swali. Wakati wa kutua mkono wa kushoto unashika mpini wa bluu, ukiuvuta vinachomoza vibao juu ya mabawa, ndo breki za hewa, ndege inashuka kwa kasi. ASK 21 tunakuja nayo kwenye kilometa kama 90 kwa saa, upepo ukiwa mkali tunaongeza, maana upepo wa karibu na ardhi huwa unapunguzwa na miti na majani. Tuseme kule juu upepo wa mbele ni 30, ukifika chini umebaki 15, basi hizo 15 zinakatwa kwenye spidi yako ya hewani, yaani kasi ya hewa inayopita kwenye mabawa, na wala pua ya ndege haijasogea. Ulikuwa na 90 sasa una 75, breki ziko wazi zote, mabawa yanakaribia kushindwa kubeba. Mwanafunzi anaona ardhi inamjia anavuta stiki, na hapo ndo inadondoka.

Sasa mwalimu. Breki zikiwa wazi zote unashuka kama mita 4 kila sekunde, yaani ukiwa mita 10 juu umebakiza sekunde mbili na nusu, ndani yake uone kosa, useme "nimechukua mimi", ufunge breki, na ndege nayo ipate muda wa kuitika. Mimi yamenikuta, na mwanafunzi mzuri kabisa, alikuwa anakaribia kuruka peke yake, nadhani ndo maana nililegea, mkono wangu ulikuwa pajani badala ya kukaa nyuma ya ule mpini. Kilichonishtua sio saa ya spidi, ni ukimya, ule mvumo wa hewa kwenye kioo ulififia kama mtu kapunguza redio. Nikasukuma mpini, breki zikafunga nusu, tukabamiza, tukaruka, tukatua tena. Hakuumia mtu, ila kosa lilikuwa langu na nililiandika hivyo. Stiki ya nyuma haiongezi kimo wala spidi, mwalimu anatakiwa achukue ndege mapema, kule mita 100 juu wakati spidi inaanza kupungua, sio mita 10.

Daktari akimruhusu kurudi hewani, amwombe mwalimu wake wapande mita 600 na zaidi, wafungue breki zote, wapunguze spidi taratibu asikie ule mvumo unavyofifia, kisha ashushe pua na afunge breki aone ndege inavyobeba tena. Lakini picha ya mgongo kwanza.