Tumechanga pauni 4,200 za mashine ya kusaga kijijini: tuzitume vipi?

SWALI: Shikamoo mama. Tuko kumi na wawili, Watanzania tunaoishi Reading, Uingereza, na wengi wetu tumetoka kata moja wilayani Korogwe. Kwa muda wa mwaka mmoja tumechanga pauni 4,200. Zimekaa kwenye akaunti ya mmoja wetu. Kijijini kuna kikundi cha akina mama ishirini na wanne, cha kuweka na kukopa, na wametuomba mashine ya kusaga kwa sababu iliyo karibu iko mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Mwenzetu anasema tukiwa shirika la hisani tutaongezewa robo ya fedha na serikali ya Uingereza. Ni kweli? Na tuzitumeje zifike zote, zisiliwe njiani? Mama yangu na dada za wenzangu wawili ni wanachama wa kikundi hicho.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Sentensi yako ya mwisho umeiweka kama nyongeza tu, lakini ndiyo iliyonirudisha kulisoma swali lako upya, na nitaifikia.

Nianze na hiyo robo. Ipo, na inaitwa Gift Aid. Mlipakodi wa Uingereza akitoa pauni 100 kwa shirika la hisani na kutia saini tamko kwamba analipa kodi, shirika linadai pauni 25 kutoka HMRC, mamlaka ya kodi ya huko. Fedha hiyo ni kodi ambayo mtoaji alikwisha kukatwa kwenye mshahara wake. Kwa hiyo mwenzenu ambaye hakulipa kodi ya kutosha mwaka huo, mwanafunzi kwa mfano, asitie saini. Akitia, tofauti itadaiwa kwake.

Tatizo lenu ni kwamba pauni 4,200 mlizonazo zilichangwa kabla hamjawa na katiba, na ziliingia kwenye akaunti ya mtu. Kisheria ni fedha za marafiki walioaminiana. Hazikutolewa kwa shirika la hisani, na robo yake isahauni. Michango itakayokuja ndiyo mnayoweza kuipangia.

Kwa England na Wales, shirika la hisani ambalo mapato yake yanazidi pauni 5,000 kwa mwaka linatakiwa kujisajili kwa Charity Commission, tume inayosimamia mashirika hayo. Chini ya hapo si lazima, ila mnaweza kuandika katiba yenye malengo ya hisani pekee, mkachagua wadhamini, yaani watu wa kukisimamia chama, mkafungua akaunti ya benki kwa jina la chama, kisha mkaiomba HMRC iwatambue. Ikiwatambua mnaweza kudai Gift Aid hata kama ni wadogo. Kwa kiwango chenu hiyo inatosha kwa mwaka wa kwanza. Wadhamini wasipungue watatu, na wasiwe wote wa ukoo mmoja.

Sasa mama yako. Gift Aid ina sharti kwamba mtoaji, au mtu wake wa karibu, asinufaike kwa sababu ya mchango ule zaidi ya kiasi kidogo kilichoruhusiwa. Mtu wa karibu ni mume au mke, wazazi na mababu, watoto na wajukuu, kaka na dada. Mama yako akipata fedha kutokana na mashine uliyoichangia, dai la Gift Aid juu ya mchango wako linaweza kukataliwa, na likikataliwa atakayerudisha ni chama. Mama asitolewe kikundini kwa sababu hii. Wewe na hao wawili changeni kama kawaida bila kutia saini tamko, wale tisa wengine watie. Na siku wadhamini wanapopiga kura kuhusu kikundi hiki, ninyi watatu mtoke chumbani, na muhtasari uandike kwamba mlitoka. Nimewahi kusoma muhtasari wa namna hiyo miaka mitano baada ya kikao, wakati watu wamekwisha kugombana, na mstari ule mmoja ndio uliomwondolea mtu lawama.

Kuna jambo kubwa kuliko robo, na nataka tukae hapo. Hisani kwa sheria ya Uingereza lazima inufaishe umma. Kupunguza umaskini kumo kabisa ndani ya malengo yanayokubalika, na kumpa maskini chombo cha kuzalishia ni njia inayokubalika. Kisichokubalika ni fedha ya hisani kugeuka faida binafsi ya watu ishirini na wanne. Na namna kikundi cha kuweka na kukopa kinavyoendeshwa, mashine ikiingia bila mpango itageuka hivyo yenyewe, bila mtu hata mmoja kuiba.

Nikueleze kwa nini. Vikundi hivi vina asili yake Niger, ambako shirika la CARE lilianza kuviunda mwaka 1991, na kwetu vimeenea chini ya majina mengi, VICOBA likiwa maarufu zaidi. Mfumo wake ni mzuri na ninauheshimu. Sanduku la bati lina kufuli tatu, funguo ziko kwa wanawake watatu wanaokaa nyumba tofauti, na halifunguliwi mpaka wote wawepo mbele ya wenzao. Kila mmoja ananunua hisa kwa uwezo wake, wanakopeshana, na mwisho wa mzunguko, mara nyingi baada ya mwaka, wanavunja sanduku na kugawana kulingana na hisa. Aliyenunua nyingi anapata nyingi. Ni haki, maana ni fedha yao.

Ila fedha ya mashine haikutokana na hisa. Ikichanganywa ndani ya sanduku lile, mwezi Desemba itagawanywa kwa kipimo kilekile, na mwenye duka aliyenunua hisa tano kila wiki atachukua mara tano ya mjane aliyenunua moja. Mchango wenu uliotolewa kwa ajili ya maskini utakuwa umemwendea zaidi asiye maskini. Halafu Machi nyundo za kinu zitakuwa zimelika, chekeche imetoboka, unga unatoka na chenga, na hakuna senti ya kununua vipuri kwa sababu zote ziligawanywa. Mashine inasimama. Ukifika kijijini utaambiwa "mashine mbovu", ilhali kilichoharibika ni hesabu.

Kwa hiyo kabla ya shilingi moja kuvuka, kikundi kikae mkutano na kiandike kwenye katiba yake kwamba mashine ina daftari lake na akaunti yake ya benki, mbali na sanduku. Kiandike mapato yanatoka kwa utaratibu gani: kwanza umeme, kisha ujira wa mwendesha mashine, kisha akiba ya vipuri ambayo haiguswi kwa jambo lingine, hata msiba. Kinachobaki kitumike kwa jambo lililoamuliwa na mkutano na linaloonekana, kama kupunguza bei kwa wazee wasiojiweza au kuongeza mashine ya kukoboa. Bei iwe moja kwa mwanachama na asiye mwanachama. Na kiandike kwamba kikundi kikivunjika, mashine inakwenda kwa kijiji au kwa kikundi kingine chenye malengo kama hayo. Kipengele hicho cha mwisho watu huona haya kukijadili, kama vile kuandika wosia. Kijadilini.

Waombeni pia wapige hesabu wenyewe, kwa mkono wao. Tuseme wanatoza shilingi 1,500 kwa debe na wanasaga madebe 20 kwa siku, siku 26 kwa mwezi: ni shilingi 780,000. Hapo toa umeme wa LUKU, toa mwendeshaji, toa vipuri. Halafu wajiulize: miezi ya kabla ya mavuno, ghala likiwa tupu, madebe ni 20 kweli, au 6? Namba hizi nimezitunga kwa mfano tu. Wao wanazijua za kweli, na kikundi kisichoweza kukupa za kwake hakijawa tayari.

Nije kwenye umeme, maana hapa ndipo nilipoona fedha nyingi zikilala. Nilitembelea kijiji kimoja, si cha kwenu, nikafunguliwa banda zuri la matofali ya kuchoma. Ndani kulikuwa na mashine mpya, mota yake bado imefunikwa turubai, na kuku alikuwa ameatamia pembeni yake. Ilikuwa na miezi minane pale. Wafadhili walikuwa wameuliza kama kijiji kina umeme, wakajibiwa ndiyo, na ilikuwa kweli. Lakini laini iliyopita pale ilikuwa ya fezi moja, na mota ilihitaji fezi tatu. Taa zinawaka, redio inaimba, mashine haigeuki. Ile shilingi 27,000 ya kuunganishiwa umeme vijijini ambayo kila mtu anaijua ni ya fezi moja. Fezi tatu ina gharama nyingine, na kama laini yenyewe haijafika, gharama ya nguzo na transfoma inaweza kuzidi bei ya mashine. Mwenyekiti wa kikundi aende ofisi ya TANESCO ya wilaya na arudi na jibu la maandishi linalotaja fezi na makadirio ya kuunganisha. Jibu likiwa hapana, ongeeni habari ya injini ya dizeli, mkikumbuka kwamba gharama ya mafuta itaongezwa kwenye bei ya kusaga.

Kiwanja nacho. Banda lililojengwa kwenye uwanja wa mtu hugeuka kuwa la mtu, hasa akishafariki na warithi wakaja. Mpate muhtasari wa kikao cha serikali ya kijiji unaoonyesha eneo limetolewa kwa kikundi, wenye mhuri na saini za mwenyekiti na mtendaji wa kijiji. Kama ni mwanachama aliyejitolea eneo, watu wa familia yake watie saini pia.

Msinunue mashine Uingereza na kuileta kwa kontena. Najua inavutia, lakini beringi ikivunjika Korogwe inatakiwa ipatikane Korogwe, au Tanga mjini, kwa fundi anayeijua. Wenzetu wa SIDO wamekuwa wakihudumia viwanda vidogo tangu mwaka 1973. Waanzie kuuliza huko, na wachukue profoma, yaani hati ya bei, kutoka kwa wauzaji watatu.

Wapo watakaokushauri mmlipe muuzaji moja kwa moja kutoka Reading, ili fedha isipite mikononi mwa kikundi. Mimi sikubaliani nao. Akina mama ambao hawakuchagua muuzaji, hawakubishana naye bei wala kupokea risiti yake, hawatakuwa na uso wa kumfuata mashine ikisumbua. Tumeni kwa akaunti ya benki ya kikundi, yenye waweka saini watatu, na fedha itoke kwa saini mbili. Kufungua akaunti hiyo watahitaji cheti cha usajili kutoka ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri, katiba, muhtasari, barua ya mtendaji na vitambulisho. Kutuma kwa simu sikukatai, ila naikataa simu ya mtu mmoja, hata akiwa mtoto wa mchungaji.

Na msitume zote mara moja. Awamu ya kwanza iwe ya banda, baada ya wao kufyatua matofali na kuchimba msingi kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kujitolea. Ya pili ya mashine na mota, baada ya barua ya TANESCO. Ya tatu, ndogo, ya kufunga umeme, mafunzo ya mwendeshaji na vipuri vya mwanzo. Kila awamu ifuate risiti za awamu iliyopita, na risiti ziwe za EFD, mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi, pale muuzaji anapotakiwa kuwa na mashine hiyo. Mchanga wa mtoni hauna EFD. Hapo inatosha hati ya malipo yenye jina la muuzaji, saini au dole gumba, na mashahidi wawili.

Umeuliza kuhusu fedha kuliwa njiani. Karatasi hizi ndizo jibu langu. HMRC inalitaka shirika linalotuma fedha nje lichukue hatua za kuridhisha kuhakikisha fedha imetumika kwa hisani, na liweze kuonyesha hivyo. Vinginevyo fedha hiyo inaweza kutozwa kodi. Ukizitazama karatasi zitakazoiridhisha HMRC, ni mihtasari, katiba, profoma, risiti, picha za kazi na barua za kijiji. Ni zilezile zinazomlinda mweka hazina wa kikundi siku akisingiziwa. Kwa hiyo msiwaombe akina mama ripoti ya Kiingereza yenye majedwali. Ombeni picha ya daftari lao, lilivyo, kwa mwandiko wa katibu. Mtu wenu anayesoma Kiswahili ataandika ukurasa mmoja wa Kiingereza wa kuweka kwenye faili.

Jambo la mwisho, kwa kifupi: halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hizo 10, nne ni za vikundi vya wanawake. Ilisitishwa 2023, ikarejeshwa 2024. Kikundi chenye cheti na daftari safi kinaweza kuomba. Mkiwasaidia kuviweka sawa hivyo viwili, mashine ya kukoboa wanaweza wasiwaombe ninyi.

Leo jioni mpigie katibu. Mwombe akutumie picha nne kwa WhatsApp: cheti cha usajili, ukurasa wa muhtasari ambapo mashine ilijadiliwa mara ya kwanza, ukurasa wa hisa wa mzunguko uliopita, na jibu la TANESCO litakapopatikana. Kwenye ule muhtasari tazama ni nani aliyeanza kulitaja wazo la mashine, mwanachama au mgeni kutoka Ulaya. Ukizipata niandikie tena, nitazisoma zote nne.