Nesi Mstaafu Anajibu: Penta ya tatu ilitupita

SWALI: Shikamoo Nesi. Mwanangu ana miezi 9. Alichomwa penta, ile sindano yenye chanjo tano ikiwemo ya dondakoo, ya kwanza na ya pili, ya tatu ikatupita tulipohamia Handeni. Mama mkwe anasema hajawahi kuona dondakoo, mtoto aachwe apumzike na homa za sindano. Nami naogopa kliniki watanisema na kuanza upya. Mama Rehema, Handeni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hawaanzi upya. Zile mbili mwili wa mtoto unazikumbuka. Atachomwa ya tatu tu, na surua ya miezi 9 siku hiyohiyo. Beba kadi hata kama imechanika. Nesi akikufokea, vumilia. Nimefanya kliniki miaka mingi, na wapo kina mama tuliowapoteza kwa midomo yetu. Linaniuma mpaka leo.

Mama mkwe wako hasemi uongo. Hajaiona dondakoo kwa sababu kizazi cha mumeo kilichanjwa. Urusi na jirani zake nao walikuwa karibu kuisahau. Dola la Kisovieti liliposambaratika, chanjo zikalegalega na kinga ya watu wazima ilikuwa imeshachakaa; miaka ya 1990 wakaugua watu zaidi ya 150,000. Mwaka 2023 ikalipuka Nigeria, jimbo la Kano likiumia kuliko kwingine.

Utasikia pia kwamba watoto wa jirani wakichanjwa, wako yuko salama. Kwa dondakoo mimi siitegemei hoja hiyo. Chanjo yake haiui kijidudu, inaufundisha mwili kuizima sumu ya kijidudu hicho. Mtu aliyechanjwa aweza kukaa nacho kooni, mzima kabisa, akampakata mwanao na kumkoholea. Asiye na kinga huota utando wa kijivu kooni unaokaba pumzi, na sumu huingia kwenye damu hadi moyoni. Dawa ya kuipinga ipo, hutengenezwa kwa damu ya farasi, lakini ni adimu duniani, na sumu iliyokwisha kuushika moyo haiwezi kuing'oa.

Homa ya sindano ni ya siku moja au mbili. Mnyonyeshe, mpe parasetamo kwa kipimo cha uzito wake.

Tena nenda na mama mkwe, yeye ndiye ampakate mtoto wakati wa sindano. Mabibi niliowapa kazi hiyo ndio waliokuwa wakikumbuka tarehe ya kurudi kuliko mama wenyewe.