Kabla ya Kutaja Takwimu, Uliza Mshahara Unaisha Tarehe Ngapi

Katika kazi yangu ya kuandaa kampeni nimeona chama kikiingia katika mtaa wa wafanyakazi na habari njema za ukuaji wa pato la taifa, kikatoka mikono mitupu. Kwa hiyo huwashauri wanaoandika ilani na hotuba waanze kwa kumuuliza mfanyakazi mshahara wake humwishia tarehe ngapi. Nilipouliza hivyo mlango kwa mlango, hata waliodai kwamba siasa haziwahusu walinieleza, bila kushurutishwa, ni deni lipi hulilipa kwanza na lipi husogezwa hadi mwezi ujao.

Kosa ninalolikuta zaidi kwa vyama tawala ni kutangaza kwamba mfumuko wa bei umepungua, kisha kungoja makofi. Bidhaa iliyouzwa 100 ikipanda hadi 120, na mwaka unaofuata ikafika 123, mchumi atasema, tena kwa haki, kwamba mfumuko umeshuka kutoka asilimia 20 hadi 2.5, lakini mnunuzi bado anatoa 123, na kama mshahara wake umebaki palepale, tangazo hilo hulisikia kama kejeli. Chama cha Democratic cha Marekani kilionja uchungu huo: mfumuko uliofikia asilimia 9.1 Juni 2022 ulikuwa chini ya asilimia 3 kufikia uchaguzi wa Novemba 2024, ajira nazo hazikuwa haba, lakini kilishindwa, na bei zilikuwa miongoni mwa malalamiko makubwa ya wapiga kura. Kupoteza kazi humpata mmoja mmoja, ilhali bei humgusa kila anayenunua. Tena nyongeza ya mshahara mtu huihesabu kuwa jasho lake, bei ikipanda huilaumu serikali. Si haki sana, lakini ndivyo kura zinavyopigwa.

Kosa la pili huvipata hasa vyama vya siasa vinavyojiita vya wafanyakazi, nalo ni kuwabebesha wafuasi wao gharama ya mageuzi. Gerhard Schröder, aliyekuwa kansela wa Ujerumani kupitia chama cha SPD, alitangaza mwaka 2003 mpango wa mageuzi ulioitwa Ajenda 2010, na kuanzia Januari 2005 aliyekaa muda mrefu bila kazi alilipwa posho ya kiwango kimoja, hata kama alikuwa amechangia bima ya ajira kwa miaka mingi. Baadhi ya viongozi wa vyama vya kutetea haki za wafanyakazi waliasi wakaanzisha chama kingine cha siasa, na SPD, iliyopata asilimia 40.9 mwaka 1998, ikashuka hadi 23 mwaka 2009. Watetezi wa mageuzi hayo husema yaliongeza ajira. Hata wakikubaliwa, fundi wa miaka 50 aliyeogopa kulipwa sawa na asiyewahi kuchangia alikwisha kuhama chama.

Brazili ilionyesha njia nyingine: Rais Lula alianzisha mwaka 2003 Bolsa Família, mpango wa kuzipa familia maskini fedha kila mwezi, akapandisha kima cha chini cha mshahara kuupita mfumuko, na mwaka 2006 maskini wa kaskazini mashariki wakampa kura kwa wingi. Ahadi iliyotimizwa walikuwa wakiipokea kila mwezi. Kwa hiyo mgombea akiniletea ahadi, humtaka aandike fedha zitatoka kwa nani, zitaanza kulipwa lini na zitamfikia mfanyakazi kwa njia ipi; asipoweza kujibu hilo la mwisho, naiondoa kwenye hotuba, kwa sababu ndilo swali la kwanza atakaloulizwa mlangoni.